Mada: Ofisi ya udahili imekataa majina yangu, masomo ya uuguzi yanaanza Septemba

Binti Shangani, Mtwara

Assalaam aleikum wakubwa zangu, na shikamooni nyote mnaostahili.

Nimepata nafasi ya kusomea shahada ya uuguzi Uingereza, na masomo yanaanza Septemba. Jana ofisi ya udahili ya chuo imenirudishia nyaraka zangu zote. Cheti changu cha kuzaliwa cha RITA kina majina mawili tu, vyeti vya NECTA vya kidato cha nne na cha sita vinasomeka Somoe, na pasipoti, kwa kosa ambalo sikuliona siku niliyoipokea, inasomeka Somwe. Wanasema CAS, ile hati ya chuo ya kuombea viza, haitatoka mpaka majina yaoane. Naomba kuuliza: je, kiapo cha majina nitakachoapa mbele ya wakili hapa hapa Mtwara kitakubalika, au ni lazima nibadilishe pasipoti yenyewe? Na kwa mliopita njia hii, nitarajie nini nikishafika?

Mama Zuhura, Leicester

Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Mimi jina halikunisumbua. Kilichonitoa jasho ni chanjo. Kabla hawajakuruhusu kugusa mgonjwa watakupeleka kwa watu wa afya kazini, na huko utaulizwa surua, rubela, tetekuwanga, kifua kikuu na homa ya ini aina ya B, ambayo wakikuanzishia upya ni sindano kadhaa, kisha damu inapimwa kuona kama kinga imeshika. Muuguzi aliyenipokea alilitafuta lile kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwenye mkono wangu wa kushoto, akalikosa, akaanza kuandika kwamba sikuchanjwa. Ikabidi nivue sweta na kumwonyesha bega la kulia, nikamweleza kwamba kwetu ndiko tunakochanjwa. Kwa hiyo mwambie mama yako aitafute kadi yako ya kliniki leo hii, asingoje kesho.

Jingine ni saa. Kwa miaka mitatu unatakiwa kumaliza saa 2,300, na kila saa inatiwa saini. Siku ukiumwa, unazifidia.

Kaka wa Masasi, Birmingham

Dada, kwa heshima zote, tusimpotoshe mtoto. NMC, baraza la wauguzi na wakunga la huku, inataka saa 4,600. Hizo 2,300 ulizozitaja ni za mafunzo kwa vitendo peke yake, na nyingine kama hizo ni za nadharia. Mtu akienda na hesabu yako atadhani atapata mapumziko marefu kama ya wenzake wa vitivo vingine, na hatayapata.

Ajiandae pia kwa zamu. Wodi niliyopangiwa mara ya kwanza ilikuwa na zamu ya kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja na nusu jioni, na basi la kunifikisha huko lilikuwa linaondoka saa kumi na moja alfajiri, gizani, mwezi Januari. Kisheria mwanafunzi hahesabiwi katika idadi ya watumishi wa zamu, kwa kuwa yuko pale kujifunza, lakini siku ambayo wodi ina upungufu utajikuta unatandika vitanda na kupima presha tangu asubuhi, na fomu yako ya ujuzi imekaa mfukoni bila saini hata moja. Jifunze kuomba saini kabla msimamizi wako hajaenda nyumbani.

Mjukuu wa Mikindani, Leeds

Msimtishe jamani. Kuna zile pauni 5,000 kwa mwaka ambazo wanafunzi wa uuguzi wanapewa bila kuzirudisha, halafu jioni atafanya kazi kwenye nyumba za wazee kama sisi sote tulivyofanya.

Kaka wa Masasi, Birmingham

Ndugu yangu, wewe ulisoma ukiwa tayari na ukaazi. Fedha hiyo haimhusu mwanafunzi wa kimataifa, ambaye analipa ada kamili pamoja na ile tozo ya afya, nayo inalipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba viza. Kazi naye anaruhusiwa saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula. Zamu za mafunzo hazimo katika hizo 20, ni kweli, lakini nakuuliza: ukitoka zamu ya saa kumi na mbili na nusu, utazifanya hizo 20 kwa miguu ipi?

Mama Zuhura, Leicester

Nimekubali kuhusu saa, ingawa ungeweza kusema kwa upole zaidi.

Niongeze kuhusu lugha, maana hakuna aliyenionya. Mgonjwa mmoja, bibi wa miaka tisini hivi, aliniambia anataka "kutumia senti moja". Nikaenda kabatini kumtafutia pochi yake, nikarudi nayo, akanitazama kwa huzuni. Nilikuwa bado nimeishika wakati shuka linalowa. Kumbe ndivyo wazee wa huku wanavyosema wakitaka kwenda msalani. Kiingereza cha NECTA hakitakufundisha hayo. Na mtihani wa hesabu za dawa usiudharau, kwa sababu kabla ya kuhitimu lazima upate alama 100 kwa 100. Kukosea nukta ya desimali ni kumpa mtu dozi mara kumi.

Mzee wa Nachingwea, Reading

Wanangu, mmeandika mengi mazuri, lakini swali lilikuwa la jina.

Safari ya Dar es Salaam haikwepeki hata hivyo, kwa sababu kipimo cha kifua kikuu cha viza kinafanyika huko, na cheti chake kinadumu miezi sita, kwa hiyo asipime mapema mno. Ashukuru kwamba sasa kuna daraja. Sisi tuliosafiri kabla ya 2003 tulilala Ndundu tukisubiri pantoni ya Rufiji, tunakula ming'oko, vile viazi vya porini, tuliyofungiwa nyumbani, na aliyekuwa na miadi ya ubalozi asubuhi alikuwa anaikosa huku anaiona ng'ambo ya mto. Ming'oko yenyewe sijaila mwaka wa tisa huu.

Tena nasikitika kwamba tunamfundisha binti njia ya kuondoka, ilhali zahanati za vijijini kwetu zina kiu ya wauguzi, na siku akichukua uraia wa huku atanyang'anywa wa kwao.

Mjukuu wa Mikindani, Leeds

Mzee, shikamoo, lakini nawe hujalijibu swali la jina.

Binti Shangani, Mtwara

Nawashukuru nyote. Kadi ya kliniki imepatikana ndani ya sanduku la bibi huko Mikindani. Mchwa wamekula nusu ya chini, ila mstari wa BCG unasomeka pamoja na tarehe yake. Leo chuo kimeniandikia tena kikitaka fomu ya chanjo ijazwe na daktari ndani ya siku kumi na nne, na fomu yenyewe wameiandika kwa jina la Somwe.

Daktari hapa anasema hawezi kujaza jina ambalo halimo kwenye kadi. Naomba tena, aliyewahi kutumia kiapo cha majina: je, kilikubaliwa?