Shemeji anayeyusha betri nyuma ya nyumba na nina mtoto wa miaka 2, nifanyeje?

MamaPili
Habari zenu jamani, naombeni mawazo. Tunaishi na mdogo wake mume wangu, kazi yake ananunua betri za gari zilizokufa anazipasua anatoa yale madini ya ndani anayayeyusha kwenye sufuria kuukuu halafu anamimina anatengeneza chubwi za wavuvi. Yote hayo anafanyia hapohapo nyuma ya nyumba. Mwanangu ana miaka 2 na miezi minne na anashinda hukohuko akichezea mchanga, na kila anachookota kinaenda mdomoni. Juzi redioni nimesikia wanasema madini ya risasi yanaharibu ubongo wa watoto, mi nilijua risasi ni ile ya bunduki tu kumbe ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye betri! Tangu hapo usingizi sina.
Mtoto kwa kumwangalia yuko vizuri, anakula, anacheza, ila kuongea ndio bado, anasema mama na maji basi, na choo anapata kwa shida. Baba yake anasema kwao wote walichelewa kuongea. Sasa mtoto akiwa mzima hivi kuna haja ya kumpima kweli au nitakuwa namzushia shemeji matatizo bure? Maana ndiyo kazi inayomweka mjini na sisi pia anatusaidia sana.

kaka_wa_maabara
Dada mpime, na usisubiri aumwe. Nafanya kazi maabara na hili jambo huwa linaniumiza kwasababu wazazi wengi wanakuja mtoto ameshaanza degedege, na kufika hapo ujue risasi imejaa sana kwenye damu. Kiwango cha chini au cha kati hakionyeshi kitu kwa macho. Kuchelewa kuongea na choo kigumu vinaweza kuwa vya risasi na vinaweza kuwa vya kitu kingine kabisa, kinachojua ni kipimo cha damu tu.
Risasi ikiingia mwilini inajifanya kalsiamu, mwili unaipokea na kuipeleka kwenye mifupa, na ubongo unaojengwa unaipokea vilevile. Mtoto mdogo anaweza kufyonza mara 4 hadi 5 ya anayofyonza mtu mzima kwenye kiasi kilekile, na akiwa na upungufu wa chuma au kalsiamu ndio anafyonza zaidi. Shirika la Afya Duniani limeshasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Wengi wanatumia 5 maikrogramu kwa desilita moja ya damu kama alama ya kuanza kutafuta chanzo, Marekani wameshusha hadi 3.5 tangu 2021.
Ukienda mwoshe mikono vizuri kwa sabuni kabla ya kutobolewa kidole, maana vumbi lililo kwenye ngozi linaweza kufanya jibu lionekane kubwa kuliko ilivyo. Na jibu la kidole likiwa juu warudie kwa damu ya mshipa.

MzeeSpana
Binti yangu usijitie hofu kupita kiasi. Mimi nimeshika betri toka kijana, wanangu wamekulia gereji na wote wamesoma wamemaliza. Nakubali moshi wake sio mzuri ila mtoto anayekula na kucheza mwache, mwambie tu mdogo wako afanye kazi mtoto akiwa amelala.

kaka_wa_maabara
Mzee shikamoo. Nakuheshimu lakini hapa naomba nikupinge, kwasababu hiyo ya "mtoto anakula na kucheza" ndiyo iliyochelewesha dunia nzima. Mwaka 1979 daktari Herbert Needleman kule Marekani alikusanya meno ya utoto yaliyong'oka ya wanafunzi wa darasa la kwanza na la pili, watoto wazima kabisa hakuna aliyekuwa na dalili, akapima risasi iliyomo. Waliokuwa nayo nyingi walipata alama za chini kwenye vipimo vya akili, na walimu wao ambao hawakujua majibu ya meno walikuwa wameshawaandika kuwa hawatulii na hawamalizi kazi. Kwahiyo mtoto anaweza kusoma akamaliza na bado akawa amepunguziwa kitu ambacho mzazi hatakijua kamwe, hana wa kumlinganisha naye.
Na kusubiri mtoto alale haisaidii mzee wangu. Moshi unapoa unakuwa vumbi, linatua kwenye mchanga, kwenye bati, kwenye nguo zilizoanikwa. Risasi haiozi. Mtoto akiamka inamsubiri palepale.

BabaWawili
Dada mimi yamenikuta. Nilikuwa naajiriwa sehemu ya kuchakata betri, sio nyumbani, kazini kabisa, nikirudi jioni mwanangu ananikimbilia namnyanyua na ovaroli yangu hiyohiyo. Hakuwahi kukanyaga kazini kwangu hata siku moja lakini alipopimwa alikutwa na 31. Vumbi la kwenye nguo na nywele zangu tu!! Nililia sana maana nilikuwa najiona nawatafutia kumbe nawaletea.
Hakupewa dawa, dokta alisema dawa ya kuivuta risasi huwa wanaanza ikifika 45 hivi na ukimpa mtoto dawa halafu ukamrudisha kwenye vumbi lilelile umefanya kazi bure. Tulichofanya ni kuondoa chanzo. Niliacha ile kazi, nguo zote nikatupa, nyumba tukawa hatufagii kavu tena, unapiga deki na kitambaa cha maji kwasababu ufagio unalirusha vumbi juu mtoto analivuta. Mikono anaoshwa kabla ya kula na kabla ya kulala, na chakula chenye chuma na kalsiamu kwa wingi. Namba ilishuka taratibu sana ikachukua zaidi ya mwaka, maana risasi ya kwenye damu inapungua ndani ya mwezi mmoja hivi lakini ya kwenye mifupa inakaa miaka na miaka inarudi kidogokidogo. Sasa yuko darasa la pili, kusoma anapata tabu nami nakaa naye kila jioni.

NuruYaMtaa
Naongezea kitu kimoja, msije mkamwambia shemeji ahamie uwanja wa jirani mkaona mmemaliza. Thiaroye-sur-Mer kule Senegal kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 walikufa watoto 18 mtaa mmoja, watu walikuwa wanachekecha udongo wa sehemu zilizovunjiwa betri ili wapate risasi ya kuuza, na wengine wakabeba ule udongo hadi majumbani. Zamfara, Nigeria, 2010 ilikuwa mawe ya dhahabu yenye risasi, yanasagwa ndani ya nyua za watu, wakafa watoto wasiopungua 400. Na kule ilibidi udongo wa kijiji uondolewe kwanza ndipo watoto wake waanze matibabu, kama alivyosema BabaWawili. Kabwe ya Zambia mgodi umefungwa 1994 na mpaka leo watoto wanakutwa nayo kwenye damu.
Kwahiyo dada hilo eneo la nyuma usilichimbe wala kulifagia mwenyewe. Mzuie mtoto leo hii, lifunikeni kwa udongo safi mnene au sakafu, na afisa afya aje aangalie. Kama mnakinga maji ya mvua ya bati acheni kwanza kuyanywa, kuchemsha hakuondoi risasi.

MzeeSpana
Kaka wa maabara marahaba. Nimesoma yote, hayo ya meno sikuyajua. Nina wajukuu wawili hapa wanacheza kwenye gereji yangu. Nao nitawapeleka.

MamaPili
Asanteni sana, Mungu awalipe. Jana usiku mume wangu alimsomea kaka yake mdogo hizi comenti zote, shemeji hakukasirika, alikaa kimya muda mrefu kisha akasema kumbe ndiyo maana tumbo linamkata na viungo vinamuuma miezi yote hii. Leo hajawasha moto. Kesho tunaenda kupima yeye na mtoto. Ila kuna kitu sikusema mwanzo, mimi nina mimba ya miezi mitatu, na sufuria na nguo zake za kazi mimi ndiye ninayeosha. Je na mimi?

kaka_wa_maabara
Ndio dada, na wewe kesho hiyohiyo. Risasi inapita kondo inamfikia mtoto, na wakati wa mimba hata ile ya zamani iliyo kwenye mifupa yako inaweza kutoka kuingia kwenye damu. Waambie kliniki una mimba na uwaeleze kazi ya shemeji, waandike kwenye kadi. Hizo nguo usizioshe tena, azifunge mwenyewe kwenye mfuko zikae nje. Ukipata majibu weka namba hapa tukusaidie kuyasoma.