Tupeane uzoefu: kuuguza mgonjwa mwenye vidonda vya kulala

Ndugu zangu, mama yangu alipatwa na kiharusi na sasa ni mwezi wa tatu yuko kitandani hapa Jinja. Juzi nilipokuwa nikimbadilishia shuka nilikuta ngozi ya juu ya makalio imechunika, ingawa kila asubuhi nilimkagua nikitafuta wekundu kama nilivyoelekezwa, wala sikuuona. Mliowahi kuuguza, nielezeni mlichofanya na mnachokijutia.

Kutoka Arua: Pole sana, dada yangu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, na mimi kwa baba nilikosea hivyo hivyo. Muuguzi aliushika mkono wangu, akauweka mgongo wa kiganja changu juu ya mfupa wa kiunoni mwa mzee, kisha pembeni yake: pale mfupani palikuwa pa moto na pagumu, ilhali pembeni ngozi ilikuwa laini. Tangu siku hiyo niligusa kabla ya kutazama: visigino, nyonga, mabega, kisogo. Tulimgeuza kila baada ya saa 2, tukimwegemeza kwenye mto kidogo tu upande mmoja bila kumlaza juu ya nyonga yenyewe, na mto mwingine tukauweka chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Usiku tulipeana zamu, kwa sababu mtu mmoja hawezi. Ninachojutia ni kupasugua kwa mafuta mahali palipokwisha kubadilika rangi, nikidhani naisaidia damu ipite, pakachunika.

Kutoka Kampala: Kidonda cha bibi kilinuka hata wajukuu wakawa wanamsalimia wakiwa mlangoni, naye alijua sababu. Muuguzi wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa mahututi, alitufundisha kukiosha kwa maji yaliyochemshwa, lita 1 kwa vijiko 2 vidogo vya chumvi, kisha kukinyunyizia unga wa vidonge vya metronidazo (dawa ya kuua bakteria) vilivyosagwa, na harufu ikapungua. Kama kukisafisha kunamuumiza mama, usimwache avumilie: tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa nchini Uganda wanaruhusiwa kuandika mofini ya kunywa. Mpe pia mayai, maharage na mukene (dagaa). Akipata homa, au usaha ukiongezeka, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kutoka Jinja: Ahsanteni sana. Alfajiri hii nimegusa visigino vyote viwili, na cha kushoto ni cha moto kuliko cha kulia. Nimeshauweka mto.