Mjadala: Kila sekondari ya Mtwara na Lindi ipewe mnasihi wa kudumu, au walimu na makungwi wanatosha?

Mwalimu wa Tandahimba (mleta mada): Habari za jioni wana kusini. Nafundisha kidato cha tatu. Nimekuwa nikisoma kazi za Mark Williams, mtafiti wa saikolojia wa Uingereza. Mwaka 1986 yeye na mwenzake Keith Broadbent waliwapa watu waliokuwa wamejaribu kujiua maneno kama "furaha" na "hasira", wakawaomba kwa kila neno wasimulie tukio moja, la siku moja. Wengi walikwama. Walijibu kwa jumla tu, mfano "nilikuwa nafurahi nikiwa na rafiki zangu". Baadaye tafiti nyingine zikaliona jambo hilohilo kwa wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, vijana wakiwemo.

Nina kijana darasani aliyefiwa na baba. Alama zimeporomoka, analala dawatini. Nikamwambia anitajie siku moja aliyofurahi. "Zamani tulikuwa tunafurahi." Siku ipi? Kimya, anakwangua dawati kwa kucha. Mimi nasema halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa korosho kila msimu, sehemu yake iajiri mnasihi kila sekondari. Mnasemaje?

Mzee wa Newala: Yaani mtoto akisahau siku apelekwe hospitali ya akili ya Mirembe? Sisi tulikaa jandoni, ukilia unachapwa, unatoka mwanaume. Hawa wa simu janja wakikosa bando tu wana sonona.

Binti Mikindani: Shikamoo mzee. Mirembe iko Dodoma na hakuna aliyeitaja. Ila hilo la kuchapwa kwa kulia limenichoma. Kaka yangu alitoka jandoni hasemi na mtu, nyie mkapiga vigelegele kwamba amekua. Mpaka leo ngoma za jando zikianza anatoka nyumbani, harudi mpaka zinyamaze. Hayo ndiyo malezi unayotusifia?

Mmwera wa Nachingwea: Dada, usifagie vyote. Mama alipofariki, kungwi wangu ndiye pekee aliyenikalisha mkekani akaniambia nisimulie siku ile tangu alfajiri. Nani alichota maji, nani alikuja kwanza. Hao wa Uingereza wanagundua leo kitu ambacho bibi zetu wanakifanya.

Kijana wa Chikongola: Unyago wa Lindi siku hizi ni spika na maturubai, na kadi za michango. Mafundisho yenyewe dakika tano.

Mmwera wa Nachingwea: Mtwara ndio mmeleta hayo maspika! Njoo Nachingwea likizo ya mwezi wa sita uone wali wanavyofundwa, halafu uje useme tena dakika tano.

Mkulima wa Nanyamba: Mimi nimesimama kwenye ushuru wa korosho. Kila mwenye wazo lake anataka lilipiwe na korosho! Mmesahau 2018 wabunge wetu walivyoipigania ile asilimia 65? Mkulima anasubiri salfa ya kupulizia mikorosho, nyie mnaajiri mtu wa kuuliza watoto walifurahi lini.

Mwalimu wa Tandahimba: Mkuu, unachanganya. Ile asilimia 65 ilikuwa sehemu ya ushuru wa kusafirisha korosho nje iliyokuwa ikirudi kwenye zao, na ushuru huo uko mikononi mwa serikali kuu. Mimi nimetaja ushuru wa mazao wa halmashauri.

Mkulima wa Nanyamba: Mfukoni kwangu yote ni makato. Nikiwa kwenye foleni ghalani sioni tofauti.

Nesi wa Masasi: Naomba turudi kwa mtoto. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa vijana wa Kiafghani, wakimbizi nchini Iran, waliofiwa kwa sababu ya vita. Kundi moja lilifundishwa kwa vikao vitano, kimoja kwa wiki, kukumbuka tukio mojamoja kwa undani, la furaha na la huzuni. Miezi miwili baadaye dalili zao za sonona zilikuwa chini kuliko za wenzao. Walikuwa vijana 23 tu, kwa hiyo siwaahidi miujiza. Mzee wa Newala, hao nao walikosa bando?

Mzee wa Newala: Binti, chunga mdomo. Nimemzika mjukuu wangu mwenyewe, na kijiji kizima tulikiambia ni homa. Uchungu naujua kabla hujazaliwa.

Nesi wa Masasi: Pole sana mzee wangu. Ndiyo maana nasema. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Akinusurika, wanamleta kwetu na hadithi ya kuanguka mkoroshoni. Tunafunga kidonda, anarudi nyumbani hajaulizwa neno.

Binti Mikindani: Na mwalimu wa malezi shuleni ndiye huyohuyo mwenye fimbo. Nani atamwambia?

Mmwera wa Nachingwea: Kwa hiyo kungwi! Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi wa Mbare, Harare, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi wanamsikiliza. Wakaipima, matokeo ya 2016 yakaonyesha inasaidia. Pesa ya mnasihi kama haipo, wafundisheni makungwi hivyo vikao vitano.

Kijana wa Chikongola: Mabibi wale walifundishwa na wanasimamiwa na wataalamu. Kungwi wako anasimamiwa na nani?

Mkulima wa Nanyamba: Hapo sawa, maana kungwi hatagusa korosho yangu.

Nesi wa Masasi: Makungwi niko tayari kuwafuata hata Nachingwea. Lakini kijana wa mwalimu ni mvulana. Jandoni ataingia nani?

Mzee wa Newala: Jandoni haingii mwanamke. Wala huyo Mwingereza.

Mwalimu wa Tandahimba: Basi mzee, nipe jina la mzee mmoja wa jando wa Tandahimba atakayekubali kukaa na mimi tuzungumze. Nitamfuata mwenyewe.