Manesi wa emajensi wafundishweje kumtambua mgonjwa aliyevurugwa kichwani?

Zamu_ya_Usiku: Wakuu habari. Niko emajensi, bosi kanitupia nipange semina ya siku moja ya kuwafundisha wenzangu kutambua wagonjwa wenye msongo mkali. Aliyevunjika mguu kila mtu anamwona, ila yule aliyejikunja kwenye kona anajibu "niko poa" huku kainamisha kichwa tunampima presha tunampita. Juzi kaletwa mdada kanywa vidonge, mwenzangu akasema kwa sauti kabisa eti anatafuta kiki. Iliniuma sana. Nianzie wapi?

DoktaMzee: Semina ya siku moja watakula, watapiga picha, kesho wamesahau. Omba dakika 15 kila wiki mnapopokezana zamu, muigize, mmoja nesi mmoja mgonjwa. Wanachokwepa wengi ni kuuliza wazi "umewahi kuwaza kujiua?", wanaogopa kumtia wazo, na sio kweli, kuuliza hakumpeleki huko. Kuna maswali yanaitwa ASQ, ya NIMH, taasisi ya afya ya akili ya Marekani, manne tu, ni kama sekunde 20, akijibu ndiyo hata moja unamuuliza la tano, kama anawaza kujiua sasa hivi. Hapo napo akisema ndiyo haachwi peke yake, hata chooni.

Mama_Sindano: Ila wasidhani kila kitu ni akili tu jamani! Anayeongea hovyo ghafla, pima sukari kwanza, oksijeni, joto, cheki kama kaumia kichwa. Sisi tulishamfunga mtu kitandani tukimwita kichaa kumbe sukari imeshuka, mpaka leo naona aibu. Na wa kifua kubana na kuhema juu juu, usimwambie ni hofu kabla hujapima ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo.

Mpitanjia: Mi sio wa afya, nilikuwa mgonjwa. Niliulizwa shida yangu mbele ya foleni nzima, nikasema tumbo. We ungesema nini?

Zamu_ya_Usiku: Duh, pole sana. Maana kwetu hata pazia hakuna, kesho nalianzia hilo. @DoktaMzee na asiyetaka kuongea kabisa?

DoktaMzee: Usimwambie ajikaze. Kaa naye kidogo, aliyemleta mhoji pembeni, halafu mwambie "narudi baada ya dakika kumi" na urudi kweli, wengi wanafungukia hapo mara ya pili. Huyo wa kiki mpe sehemu ya mgonjwa kwenye maigizo.