Uwatu, rozela na joto la ghafla: mliopita huku mlitumia nini?

FundiWaNgamiani (Tanga)

Wakubwa shikamooni, wa rika langu hamjambo.

Mimi ni fundi cherehani, miaka 48, watoto wanne, wa mwisho yuko kidato cha pili. Tangu mwaka jana siku zangu hazieleweki. Miezi miwili kimya, wa tatu zinakuja kwa fujo mpaka natandika kanga mbili. Hilo nimeshalizoea. Kilichonishinda ni joto. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni hadi masikioni kama mtu kanifunulia sufuria la pilau usoni, dakika tatu nne hivi, halafu nabaki nimelowa na baridi juu yake.

Wiki iliyopita nilikuwa napachika lesi kwenye gauni la bibi harusi, satini nyeupe ile isiyosamehe. Tone la jasho likadondoka kiunoni mwa gauni, na satini ikishika maji inaacha duara kama ramani ya ziwa. Nikaficha kwa ua la lesi ambalo hakuliagiza. Alipolijaribu akanisifu kwa ubunifu, nami nikanyamaza.

Usiku ndiyo usiseme. Saa nane niko macho, feni imenielekea mimi, mume kajikunyata kwenye blanketi kama yuko Lushoto.

Sasa dawa. Shangazi kanipa uwatu: kijiko cha mbegu naloweka usiku, asubuhi nakunywa maji yake na mbegu natafuna. Jirani kaniambia rozela, nichemshe nzito, glasi tatu kwa siku. Na sokoni nimeuziwa unga wa kahawia kwenye mfuko wa nailoni, shilingi 15,000, hauna jina wala karatasi. Muuzaji anasema "unafunga kizazi salama", tena unatibu mgongo, macho na mikosi. Uwatu na rozela ni wiki ya tatu sasa, unga sijaufungua. Niseme pia kwamba nameza dawa ya presha, amlodipini, kimoja kila asubuhi.

Naombeni ukweli. Halafu kuna aibu nyingine: tangu nianze uwatu jasho langu linanuka. Mteja kaja kupimwa akaniuliza, "Fundi, leo umetia achari?"

BiMkubwaKibokoni (Mombasa)

Marahaba mwanangu. Umenichekesha na achari yako! Hiyo harufu ni ya uwatu, si yako. Huku kwetu mzazi hupewa uwatu apate maziwa, na mtoto naye hunuka uwatu hadi nepi. Ukiuwacha siku chache itaondoka.

Mimi nilikoma na miaka 52. Nilikunywa shamari, habasoda, tangawizi, kila nilichotajiwa. Shamari ilinifaa kwa tumbo lililokuwa likijaa hewa. Joto halikushughulika nayo. Nililokuja kuligundua ni kahawa: nilikuwa na vikombe vyangu vitano vya jioni, yamoto, na tangawizi kali, na kila nikimaliza uso ukiwaka. Nilipopunguza hadi kimoja cha asubuhi, nikapata angaa kulala. Pilipili nayo pia, ingawa hiyo sikuweza kuiwacha na sitaki kusema uongo.

AfyaTeleDaima

Dada njoo pembeni nikupe vidonge vya mitishamba asilia 100%, siku 7 tu unarudi kama binti wa miaka 20. Havina madhara.

FundiWaNgamiani

Miaka 20 nilikuwa nalea mtoto wa kwanza na cherehani ya kuazima. Sitaki kurudi huko.

MuuguziMstaafu (Morogoro)

Fundi, nimekaa kliniki ya mama miaka mingi, niruhusu niwe mrefu kidogo.

Kwanza acha kuchanganya rozela nzito na amlodipini bila kupima. Rozela yenyewe inashusha presha, si hadithi. Glasi tatu juu ya kidonge unaweza kuinuka kwenye cherehani ukaona nyota. Je, hujaziona? Na kwa joto lenyewe sijaona ushahidi kwamba rozela inasaidia. Kinywaji kizuri, ila umekipa kazi isiyo yake. Uwatu nao unashusha sukari, kwa hiyo wenye kisukari wanaotumia dawa wasiuchezee. Kwako wewe hatari yake ni ndogo kuliko ya rozela, mbali na hiyo achari.

Ule unga usiufungue. Kizazi hakifungwi na unga. Mayai yanapoelekea kwisha, homoni ya estrojeni inayumba, leo juu kesho chini, na ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakuwa na wasiwasi: joto kidogo tu, inaamuru jasho litoke. Dawa isiyo na jina ikikuharibia ini, daktari atauliza umekula nini na hutakuwa na jibu. Dawa ya asili iliyosajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ina namba yake. Muulize huyo muuzaji namba uone atakavyogeuza maneno.

Kwenye vyakula, kitu ambacho angalau kimefanyiwa utafiti wa kutosha ni soya. Ina viini vinavyofanana kidogo na estrojeni. Matokeo ni ya wastani, hupunguza joto kwa baadhi ya wanawake, na hakuna cha siku saba: jipe wiki sita hadi kumi na mbili. Kula soya yenyewe, maharage yake au unga wake kwenye uji, si vidonge vikali. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti azungumze na daktari wake kwanza.

Sasa lililonifanya niandike. Unasema kanga mbili. Hilo usilizoee! Nenda upimwe wingi wa damu, na mfuko wa uzazi uangaliwe kama kuna uvimbe. Jasho la usiku likija na kikohozi au kukonda, pima kifua kikuu, maana nimeona wamama wakiambiwa "ni umri" kumbe ni TB. Tezi ya shingo nayo huleta joto la namna hiyo. Na miezi miwili kimya kwa miaka 48 bado inaweza kuwa mimba. Mpaka itimie miezi 12 mfululizo bila damu ndiyo tunasema hedhi imekoma. Baada ya hapo tone lolote la damu ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Niseme na hili kwa stara: ukipata ukavu kule chini, usijiwekee majani wala kujifukiza. Nimehudumia waliobabuka. Kuna vilainisho vya maji na kuna krimu ya homoni, omba bila haya. Na joto likizidi kabisa, tiba ya homoni ndiyo inayolipunguza kuliko yote, ila kwa presha yako lazima daktari akupime kwanza.

MkeWaMnyamwezi (Minnesota)

Huku wanauza vidonge vya mzizi unaoitwa black cohosh, mmea wa misituni Marekani hukuhuku, wenyeji wa asili waliutumia zamani. Nilimeza miezi mitatu. Sijui kama nilipata nafuu au nilitamani tu kupata. Nilipomwambia daktari, la kwanza aliloagiza ni kipimo cha ini, kwa sababu kuna watu wachache waliodhurika. Nikaacha. Wifi yangu yuko Dar alitaka nimtumie chupa sita, nikamtumia shuka za pamba.

FundiWaNgamiani

Nimerudi baada ya wiki tano, samahanini, msimu wa harusi.

Muuguzi, nyota nilikuwa naziona, nikidhani ni njaa. Siku ileile nilienda zahanati, presha 96 kwa 58. Rozela nimeirudisha kwenye sherehe, glasi moja na barafu. Kipimo cha mimba mstari mmoja, Alhamdulillahi. Kifua kizima. Damu ilikuwa 8.9, nimepewa vidonge vya chuma, na ultrasaundi imeonyesha uvimbe mdogo, nitarudi kuonana na daktari wa kina mama tarehe 14.

Unga nilimrudishia muuzaji. Nilipomuuliza namba akasema babu yake hakuwa na namba. Pesa hakurudisha, kanipa fungu la mdalasini.

Soya naweka vijiko viwili kwenye uji kila asubuhi, wiki ya tano. Joto bado linakuja. Nilikuwa nahesabu kwa chaki ukutani, wiki ya kwanza mistari 9 kwa siku, sasa 6 au 7. Kama ni soya au ni chai ya mchana niliyoacha, Mungu anajua. Kwenye satini sasa nafanya kazi alfajiri kabla jua halijapanda, kitambaa kimefungwa kichwani na taulo mapajani. Uwatu nimeacha, ila shangazi bado hajui, na Jumapili anakuja na kilo nyingine.

Bi Mkubwa, hiyo kahawa ya asubuhi unakunywa bila tangawizi kabisa?