Mizinga ya Königsberg: ibaki ilipo au mmoja urudi Tanzania?

Wadau, naleta hoja. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105. Mitatu ipo hadi leo, yote nje ya Tanzania: mmoja Fort Jesus Mombasa, mmoja Jinja (Uganda), mmoja Pretoria (Afrika Kusini). Mimi nasema wa Pretoria urudi.

Kwa ufupi, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg iliivamia manowari Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar ikiwa kwenye matengenezo. Mizinga ya Pegasus haikuweza kuifikia. Baadaye Königsberg ikajificha kwenye mikoko ya Rufiji, hadi Julai 1915 Waingereza walipoleta Severn na Mersey, meli zisizohitaji kina kirefu cha maji, wakaimaliza humo.

Hapo ndipo historia inapotuhusu. Wajerumani waliiopoa mizinga ya Königsberg, ikaburutwa hadi Dar es Salaam, ikafungwa magurudumu. Mtutu mmoja una urefu wa mita 4 hivi, chuma kitupu. Hakukuwa na lori la kuutoa kwenye tope la delta. Walioukokota kwa kamba ni wenyeji, mamia kwa mamia, na majina yao hayakuandikwa popote. Mmoja ulipelekwa hadi Kigoma, ukafungwa kwenye Götzen, meli ambayo leo tunaiita Liemba.

Wapo wanaosema ni chuma cha Mjerumani kilichotekwa na Mwingereza, sisi tunadai nini? Nadai jasho la waliokivuta. Hoja yao hiyo haijawahi kunishawishi hata kidogo.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: tutautunza? Chuma cha baharini kikiachwa nje bila rangi kinaliwa na chumvi. Nakubali, bila bajeti ya matunzo tusiuombe.

Wa Mombasa ningeuacha. Upo pwani ileile iliyopigwa vita ile, na wanafunzi wanauona kila siku. Ila wa Pretoria umewekwa Union Buildings, ofisi za serikali, kama ngawira ya kampeni ya 1916 ya Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyepigana upande wa Waingereza. Hiyo ni heshima ya jeshi lililoshinda, wapagazi hawamo.

Ukirudi, mimi naupendelea Kibiti, karibu na delta, kuliko Makumbusho ya Taifa Dar. Najua wengi mtapinga kwa sababu watalii hawafiki huko. Watu wa Rufiji na Kibiti, nyinyi mnasemaje?