Naomba ushauri: mama nimpeleke Istanbul au Cape Town?

Wakuu, habari za jioni. Niko hapa Dodoma, Area C. Mama yangu yupo Kondoa, hajawahi kuvuka mpaka, na nimemuahidi safari moja ya nje. Miji niliyoipenda kuliko yote ni hii miwili, ndiyo inayonichanganya.

Moyo wangu uko Istanbul, sifichi. Unapanda kivuko Eminönü upande wa Ulaya, unashuka Kadıköy upande wa Asia, kama dakika 20 hivi. Humo ndani wanapitisha chai ya rangi kwenye vigilasi vyembamba kiunoni, na shakwe wanaifuata meli wakirushiwa vipande vya simit, ule mkate wa duara wenye ufuta. Mama ni mtu wa swala, msikiti wa Süleymaniye utamliza. Tatizo ni vilima na ngazi. Magoti yake hayataki.

Cape Town gari la kamba linakupandisha Table Mountain bila jasho, ila upepo ukichachamaa wanafunga. (Kilele ni mita 1,085 tu, sisi wa Dodoma tunalala juu zaidi bila kiingilio.) Mtaa wa Bo-Kaap kuna msikiti wa Auwal, wa tangu 1794.

Waliosafiri na mzazi mtu mzima: kiti cha magurudumu uwanja wa ndege kinaombwa wakati wa kukata tiketi au siku hiyohiyo? Na Istanbul mwezi gani baridi haimsumbui? Nikimuuliza mwenyewe ananijibu "popote, mwanangu", basi.